Makande na Chapati

Yapo madai yanayorudiwa na baadhi ya wasomi, kwamba Mpare ateremkaye kutoka Suji, akaingia mjini katika hoteli ya jamaa wa Kihindi na kuagiza chapati na mchuzi wa dengu, ameiacha sahani ya baba zake. Makande, husema wao, ndicho chakula cha asili. Kingine chote ni ugeni. Madai haya yana sauti ya uzalendo, lakini hayana mizizi.

Na yapimwe kwa chungu chenyewe. Makande ni mahindi na maharage. Mimea hiyo yote miwili asili yake ni bara la Amerika, wala haikuvuka bahari kuja Afrika ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Tena Kiswahili kiliyapa mahindi jina linalotaja Bara Hindi, mahali ambapo hayakuanzia. Mgomba wa milimani ulitoka Asia. Tangawizi ilimwayo wilayani Same nayo ni mmea wa Asia. Atakaye chakula kisicho na ugeni hana budi kurejea mtama, ulezi na kunde. Na wenye madai hawarejei huko.

Liko jibu lao moja lenye uzito. Chini ya utawala wa Waingereza, watu wa Tanganyika waligawanywa kwa rangi: shule mbalimbali, mishahara mbalimbali, Mwafrika akiwekwa mwisho. Hiyo ilikuwa dhuluma, wala haifai kusahauliwa. Lakini ilikuwa dhuluma ya serikali, haikupikwa katika jiko la mtu. Kuihukumu jamaa moja, baba akipokea fedha, mama akionja mchuzi, mtoto akibeba sahani, kwa makosa ya dola, ni kuupindua ubaguzi juu chini na kuuita haki. Uganda ilionja tunda la fikira hiyo mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Bidhaa ziliadimika, na mwananchi akalala njaa pamoja na uzalendo wake.

Aikataaye chapati kwa ugeni wake aikatae na lugha yake pia: asipande gari, asikate bima, asihesabu laki, kwani maneno hayo nayo yalitoka huko huko.

Asiyependa bizari ana haki ya kusema hivyo. Ila aseme kwamba ulimi wake umekataa, asiwasingizie mababu.