BARUA YA MWALIMU: Gari la Kupinduka



Kila Idi inapokaribia, katika nyumba zetu hapa Birmingham huzuka mjadala ule ule. Vijana wanataka basi la kwenda Alton Towers, kule Staffordshire. Wazee wanauliza kwa nini mtu alipe fedha ili apinduliwe kichwa chini miguu juu. Nimeombwa na pande zote mbili niseme neno, nami nalisema hapa ili lisomwe na wote.

Kwanza, tusijifanye wageni wa mambo haya. Sisi wa Unguja tulipanda pembea za sikukuu Mnazi Mmoja, na wenzetu wa Mombasa walikuwa na Makadara yao. Tena wengi wenu mnalikumbuka lile gari la Corkscrew, lililofunguliwa Alton Towers mwaka 1980. Lilikuwa la chuma, kazi ya kampuni ya Vekoma ya Uholanzi, na reli yake ilijisokota mara mbili mfano wa parafujo. Liliondolewa mwaka 2008, na mahali pake likajengwa jingine liitwalo Thirteen, lililoanza 2010. Waliokuwa wakilipigia foleni Corkscrew ndio hao hao leo wanaowakataza watoto wao!

Bibi mmoja aliniuliza, “Mwalimu, mbona hawaanguki?” Swali zuri. Chukua ndoo yenye maji, izungushe kwa mkono upesi upesi: ikifika juu, kinywa chini, maji hayamwagiki. Izungushe polepole, utaoga. Basi rola-kosta ya aina ile huvutwa kwa mnyororo hadi kileleni, kisha huachwa. Tangu hapo haina injini. Kasi yake yote imetokana na ule urefu iliopandishwa.

Lakini elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1895, huko Coney Island, New York, ilijengwa njia ya kupinduka yenye umbo la duara kamili, nayo ikawaumiza watu shingo. Hesabu yaonyesha sababu: katika duara kamili, hata gari lenye kasi ya kutosha tu kuvuka juu, abiria wake akiwa chini huhisi uzito wake umekuwa mara 6. Mjerumani Werner Stengel ndiye aliyeleta dawa katika Revolution, iliyojengwa na Anton Schwarzkopf na kufunguliwa California mwaka 1976: pete isiwe duara, bali mfano wa tone la maji lililogeuzwa, yenye mpindo mpana chini na mkali juu. Hivyo gari huingia kwa upole.

Sasa nije kwenye jambo linalowatia hofu wazazi, na wana haki. Tarehe 2 Juni 2015, pale pale Alton Towers, gari la Smiler lenye abiria liligonga gari tupu lililokwama njiani. Watu 16 waliumia, na wasichana wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5. Angalieni sababu yake. Kompyuta ilikuwa imelisimamisha lile gari la abiria kwa kuwa njia haikuwa wazi. Mafundi wakadhani mtambo umekosea, wakaliruhusu liende. Chuma hakikuvunjika, hesabu haikukosea. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kutazama njia kwa macho yake.

Sote tulisoma chuoni kisa cha bedui na ngamia wake: kamba kwanza, kisha tawakali. Wazee wasemao “tusiende, ajali ni qadari” wameisahau kamba. Na vijana wasemao “twende tu, hakuna kitu” wameisahau vile vile.

Rai yangu, basi, ni kwamba waende, kwa masharti. Magari makubwa pale, kama Smiler na Nemesis, yanataka urefu wa mita 1.4. Mtoto asiyefika asitiwe karatasi viatuni, wala baba asibishane na mpimaji. Kipimo kile ndicho kamba yenyewe, kwani kizuizi cha kifua kimekatwa kwa mwili wa kimo hicho. Mwenye maradhi ya moyo, mgongo au shingo, na mama mjamzito, wabaki chini na birika la chai. Mabinti wafunge mitandio yao barabara, ncha zisining’inie. Na gari likisimama njiani, mtu asipige kelele liendeshwe upesi. Kusimama huko ni dalili kwamba kuna anayelinda.

Nanyi vijana, mkirudi, msituhadithie ukelele tu. Tuelezeni kwa nini hamkuanguka. Atakayeeleza vizuri, nauli yake ya mwakani juu yangu.

Idi njema, inshallah.