Bi Harusi Akifika Mjini, Ale Wapi?



Karafuu zikishauzwa, huku kwetu Makangale harusi hufuatana. Na fungate za siku hizi haziishi chumbani kama za mama zetu. Maharusi wanapanda gari mpaka Konde, Konde mpaka Chake, Chake mpaka Mkoani, wanapanda boti na kuteremka Malindi, Unguja. Pa kulala hapana shida, maana Mpemba gani asiye na jamaa Unguja? Kinachowashughulisha ni pa kula. Sisi tunaoshona nguo za harusi tunaulizwa hilo karibu kila wiki, na jawabu yetu huwaudhi baadhi yao.

Wengi wanataka tuwatajie hoteli ya darini. Wameshaziona kwenye simu: taa za manjano, mito ya hariri, bahari kwa chini, bi harusi kashika gilasi ya juisi na jua linazama nyuma yake. Hatukatai kwamba ni kuzuri. Mji Mkongwe umetiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ukiutazama kutoka juu, mapaa na minara na majahazi, unamshukuru Mola. Lakini dada, hebu itazame tena ile picha. Meza ya jirani ina nini? Nyingi ya hoteli hizo zimewekwa kwa ajili ya wageni, na wageni wanakunywa. Mtume S.A.W. ametukataza kukaa kwenye meza ambayo ulevi unazungushwa. Kuna wanaosema, "lakini sisi hatunywi, na meza yetu ni mbali". Kila mtu na mwanachuoni wake amuulize. Sisi tunasema kwamba wiki ya mwanzo ya ndoa si wiki ya kutafuta mpaka wa haramu uko wapi ili ukae ukingoni mwake.

Halafu kuna bei. Karatasi ya vyakula imeandikwa Kiingereza, na bwana harusi ndiyo kwanza ametoka kulipa mahari, kitanda, kabati na nguo za sanduku. Tunamjua mmoja aliyekopa ili amkalishe mkewe darini kwa saa mbili. Deni lilikaa mpaka karafuu za msimu wa pili. Mke mwenyewe alitwambia kuwa chakula hakikumshibisha na walipotoka walinunua mahindi ya kuchoma njiani. Alicheka alipokuwa akitwambia, lakini mume hakuwapo.

Basi mukale wapi? Kwa maoni yetu, muanzie Mkunazini. Pale Lukmaan unaingia, unakwenda kwenye meza ya vyakula na kuviona kwa macho yako: pilau, biriani, wali wa nazi, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, maharage. Unaonesha kwa kidole, unapakuliwa. Ulevi hauuzwi. Wazungu wako, wenyeji wako, watu wa bandarini wako, na mwanamke wa buibui hatazamwi kama kitu cha ajabu. Ni karibu na Darajani, kwa hiyo ukitoka kununua vitambaa Mchangani na miguu imekwisha, hapo ndipo pa kupumzika. Na mukimaliza kula, tembeeni hatua chache tu mpaka kwenye kanisa kubwa la Mkunazini, mulitazame hata kwa nje. Lilijengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Wengi wetu tunapita pale na mifuko ya vitambaa bila ya kujua tunakanyaga wapi.

Kwa urojo, nendeni Vuga. Tunajua kuwa urojo uko hadi Konde, na bibi yako anaupika vizuri zaidi, lakini wa mjini una vikorombwezo vyake: kachori, bajia, viazi, yai, mishikaki, chatini ya nazi, chipsi za muhogo zilizosagika juu, na ule uchachu wa embe au ukwaju. Neno moja kutoka kwetu sisi mafundi. Manjano ya urojo hayatoki kwenye kitambaa cheupe, wala kwenye krimu, wala kwenye ile rangi ya waridi iliyofifia wanayoipenda mabibi harusi wa mwaka huu. Tumeletewa mabaibui ya kuokoa, tukayatia ndimu, tukayaanika juani, na doa likabaki linatutazama. Anayekwenda kula urojo avae nyeusi, na mikono iwe na vifungo apate kuikunja.

Sasa Forodhani. Hapa tunatofautiana na baadhi ya dada zetu wa darsa, na tunatofautiana nao kwa heshima. Wao wanasema Forodhani si pahala pa mwanamke mwenye haya: giza, msongamano, wanaume wanaita wateja, vijana wanaruka baharini wakiwa nusu uchi. Wanayosema yapo. Lakini Forodhani ni bustani ya watu wa Zanzibar kabla ya kuwa ya watalii. Ilitengenezwa katika miaka ya 1930 kwa jubilei ya Sultani Khalifa, na taasisi ya Aga Khan ikaifanyia matengenezo makubwa na kuifungua upya mwaka 2009. Mbele yake kuna Ngome Kongwe na Beit al Ajaib, ambayo sehemu yake ilianguka mwezi wa Disemba 2020. Familia nzima zinakwenda pale na watoto na bibi zao. Tukiwaachia wanaume na wageni, itakuwa kweli si pahala petu, na kosa litakuwa letu.

Kuna namna ya kwenda tu. Vyakula vinaanza kupangwa jioni na moto unakolea Magharibi inapoingia. Swalini kwanza huko mulikofikia, kisha ndiyo mushuke, maana misikiti mingi ya mjini haina sehemu ya wanawake na mukianza kuhangaika hapo mtaikosa swala. Mwanamke atafute pa kukaa upande wa baharini, kwenye ukuta, mgongo kwa watu, na mume ndiye akanunue. Aulize bei kabla ya kuchagua, tena kwa kila kijiti, na asikubali kuambiwa "utalipa baadaye". Pweza, ngisi na kamba wachaguliwe pale penye wateja wengi, na museme wachomwe mpaka waive sawasawa, wasipashwe moto tu. Ile wanayoiita piza ya Zanzibar ni mantabali yetu iliyobadilishwa jina: unga uliotandazwa mpaka unapenya mwanga, nyama ya kusaga, kitunguu, yai, ikakunjwa na kukaangwa. Wameongeza jibini na mayonezi, na wengine wanatia chokoleti na ndizi. Ya nyama inatutosha sisi. Juu yake gilasi ya maji ya miwa, yenye ndimu na tangawizi.

Na mukiwa na hamu ya hoteli ya wageni hata hivyo, ulizeni. Uliza mlangoni kabla ya kuvua viatu: munauza ulevi? Jikoni munapika nguruwe? Sosi hii imetiwa mvinyo? Nyama imetoka wapi? Zanzibar tumezoea kuwa kila kinyama kimechinjwa na Muislamu, kwa hiyo tunaona haya kuuliza, tunahisi tutaonekana washamba wa Pemba. Wazungu wenyewe huuliza kama chakula kina karanga au maziwa na hakuna anayewacheka. Pesa ni zako na tumbo ni lako.

Kuna jambo limetukaa moyoni zaidi kuliko bei na ulevi. Dada zetu wa nikabu wanakuja mjini na hawali. Tunawaona. Anakaa pembeni na mumewe, mume anakula, yeye anashika kikombe cha chai hata hakinyanyui, anasema ameshiba. Chakula chake kinafungwa kwenye mfuko akale chumbani, kimepoa, peke yake, juu ya kitanda cha watu. Huyo ni bi harusi wa siku tano. Somo wake amekaa naye siku nzima akimfundisha namna ya kumpendeza mume, halafu mlo wao wa kwanza mjini anaula ameupa ukuta uso.

Sisi tunamshonea nikabu ya vipande viwili, kile cha chini kinanyanyuka kidogo na kijiko kikapita. Inasaidia, lakini tatizo halikuanzia kwenye nguo. Wenye mikahawa ndio wa kuambiwa. Dada zetu walioolewa Maskati wanatusimulia kuwa huko kuingia mkahawani na kupelekwa upande wa familia, penye vyumba au pazia, ni jambo la kawaida, na wala si mikahawa ya matajiri. Hapa kwetu, kwenye kisiwa ambacho karibu watu wote ni Waislamu, mwenye mkahawa anafikiria choo cha mgeni, kiti cha mgeni, hata feni ielekezwe kwa mgeni, na mwanamke anayefunika uso hajamfikiria kabisa. Kahawa za barazani wamezichukua wanaume, na hizo tumewaachia, hatuna neno. Lakini mkahawa unaochukua pesa zetu?

Tumeshapiga hesabu. Pembe moja ya chumba, meza mbili, fimbo ya pazia na mita sita za kitambaa kizito, pindo likiwa la kushonwa mara mbili ili lisiburuze. Na birika la kunawia liwe upande wa ndani wa pazia, mwanamke asilazimike kuvuka chumba kizima na mikono ina wali. Mwenye mkahawa yeyote wa Malindi, Darajani au Mkunazini atakayekuwa tayari kuweka pembe hiyo atununulie kitambaa tu. Kushona tutamshonea bure.