Kalamu feki zimehamia kabatini



Nina dukuduku kuhusu kalamu za majina makubwa zinazouzwa kwa bei ya kutupa katika maduka ya punguzo hapa Mombasa. Mimi ni fundi saa, na kwa kuwa mafundi wa kalamu wamekwisha mjini, kalamu nazo huishia mezani kwangu.

Simsemi mchuuzi wa kando ya barabara anayeuza “Parker” kwa shilingi mia tatu. Yule hamdanganyi mtu. Anajua anachouza, mnunuzi anajua anachonunua, na kalamu ikikauka baada ya wiki hakuna anayelia. Ninaowalalamikia ni wenye maduka ya kiyoyozi, mlinzi mlangoni na risiti ya mashine, wanaoziweka kalamu ndani ya kabati la kioo na kubandika kikaratasi: 68,000 imekatwa kwa wino mwekundu, chini yake 8,500.

Hiyo bei iliyokatwa ndiyo inayouza. Mtu haoni tena shilingi elfu nane na mia tano zinazomtoka, anaona karibu elfu sitini alizookoa. Na wanunuzi wenyewe si watu wa kujishaua, kama wengi wanavyodhani. Ni walimu waliochangishana ili kumuaga mwalimu mkuu anayestaafu. Ni wazazi ambao binti yao ameapishwa uwakili. Anayekuja kugundua ubovu ni aliyepewa zawadi, naye ataona haya kuwauliza waliompa walinunua wapi. Mwenye duka anaijua haya hiyo, na anaitegemea.

Hivi karibuni nililetewa Montblanc mbili za Meisterstück na wateja wawili wasiojuana, zote zimetoka duka moja. Kwenye pete ya klipu, kiwanda huchonga nambari ya kalamu yenyewe. Nilizilaza sambamba juu ya kitambaa, nikavaa lenzi ya jichoni. Nambari ilikuwa ile ile, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, na tarakimu ya mwisho imepinda kidogo kushoto kwenye zote mbili. Hapo sikuhitaji tena kutazama kingine, lakini nilitazama.

Watu wengi wamesikia kwamba Montblanc ya wino hujulikana kwa 4810 iliyochongwa kwenye nibu, yaani urefu wa mlima wa Mont Blanc kwa mita. Ni kweli, ila mghushi naye anajua kuandika 4810. Afadhali mtu atazame nyota nyeupe iliyo juu ya kifuniko. Ina ncha sita za mviringo, maana ni alama ya theluji ya kilele hicho, na imezama ndani ya kifuniko hata ukipitisha ukucha haukwami. Kwenye hizi mbili ukucha ulikwama, na nyota moja ilibanduka nikiipangusa. Isitoshe, mteja wa pili alikuwa ameuziwa kalamu yake kama 149, ile nene iliyoanza kutengenezwa 1952. Kalamu ya 149 hunyonya wino kutoka kwenye chupa kwa pistoni iliyo ndani yake. Yake niliifungua kiwiliwili, nikakuta katriji ya plastiki. Ikiwa mpya, 149 halisi hupita shilingi laki moja kwa wauzaji walioidhinishwa. Aliyeileta alilipa 9,000.

Wengine huja na sumaku. Inasaidia upande mmoja tu: nibu ikinaswa si dhahabu, lakini isiponaswa bado hujajua kitu, kwa sababu ipo na steli isiyonaswa.

Niwatendee haki wauzaji pia. Si kila Parker ya bei nafuu ni feki. Zipo zilizotengenezwa India kwa leseni na kampuni ya Luxor, zimeandikwa hivyo waziwazi, nazo ni halali kabisa. Nimeshuhudia mwuzaji mwaminifu akitukanwa bure kwa sababu kalamu haikutoka Uingereza wala Ufaransa.

Sasa sikiliza kilichompata yule mteja wangu wa kwanza aliporudi dukani. Meneja alimwambia kwamba kalamu imeharibiwa na fundi. Alipotoa risiti, ikaonekana imeandikwa “seti ya zawadi” tu, bila jina la kampuni wala aina ya kalamu. Kabatini jina linang’aa, kwenye risiti halipo! Mwenye duka asiyejua kwamba anauza feki angeogopa nini kuliandika jina lile lile aliloliweka kwenye kioo? Kwangu mimi, risiti hiyo ndiyo ushahidi mkubwa kuliko nyota na nambari zote.

Sheria tunayo. Sheria ya bidhaa ghushi ya mwaka 2008 inampa anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini kwa kila kipande isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja, au vyote viwili. Ningefurahi siku mwenye duka akipigiwa hesabu kwa bei aliyoibandika mwenyewe: 68,000 mara tatu ni 204,000 kwa kila kalamu iliyomo kabatini. Na kama atajitetea kwamba bei hiyo ilikuwa ya mapambo tu, basi akutane na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, inayokataza kumwambia mteja kuna nafuu ya bei ilhali haipo.

Tunaziona picha za makontena yakifunguliwa bandarini na shehena za feki zikiteketezwa, na ni kazi nzuri. Lakini Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ikumbuke kwamba kalamu mia mbili huingia ndani ya sanduku moja la nguo. Zinakamatika kwa urahisi zaidi zikiwa zimepangwa dukani na taa zimewashwa. Maofisa waingie kama wateja, wanunue moja, wadai risiti yenye jina kamili la kalamu, kisha waulize hati za aliyeileta.

Na msomaji aliyekwisha nunua asiitupe kalamu yake kwa hasira. Aiweke pamoja na boksi, risiti na picha ya kile kikaratasi cha bei, kabla hakijabanduliwa, avipeleke vyote katika ofisi ya Mamlaka. Wale wateja wangu wawili wameniruhusu niseme kwamba zao ziko tayari, na mimi niko tayari kueleza nilichokiona.

Fundi Saa,
Mombasa