Folda Arobaini, Notisi Sifuri

Nimerudi chuo salama, ila vumbi la Nachingwea bado liko kwenye viatu. Leo sina stori za safari wala za misosi. Nina ugomvi.

Nagombana na ninyi mnaoshinda mkipanga notisi kwenye simu. Mtu ana Notion, ana Google Keep, ana folda ndani ya folda, njano ya lekcha, nyekundu ya UE. Desa limepigwa picha, limebandikwa, limepewa rangi... halijasomwa. Ukimuuliza anakwambia "niko bize nasoma". Husomi ndugu yangu, unafagia stoo.

Ugomvi wa pili ni mkubwa zaidi. Mnapanga kwa kodi ya kozi, yaani kwa namna chuo kinavyotunga mitihani. Sawa, maksi mtapata. Lakini sisi ni walimu jamani, na mtoto wa kidato cha pili hajui kodi, anajua kuuliza. Nachingwea anauliza: hivi kweli hapa kwetu kulikuwa na reli? Ilikwenda wapi? Jibu kwenye simu zetu limekatwa vipande. Mradi wa karanga uko folda ya uchumi wa kikoloni, reli iko folda ya usafirishaji, na vyote ni Kiingereza wakati Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili. Usiku wa kuandika andalio la somo unaisha mwalimu anafungua na kufunga folda.

Na hiyo reli ndiyo somo lenyewe. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Huku kusini wakajenga reli ya kupeleka karanga pwani. Karanga za kujaza mabehewa hazikupatikana. Mradi ukafutwa 1951, pauni zaidi ya milioni 30 zimeteketea, na reli ikafungwa 1962. Njia ipo, mzigo hakuna. Folda zenu ndio reli hiyo.

Wenzangu mliokuwa Ruangwa mlinibishia kwamba mpangilio unaokoa muda. Kweli, unaokoa muda wa mkutubi, maana yeye anapanga vitabu vilivyokwisha kuandikwa. Wewe bado hujaandika kitu!

Basi tupange kwa maswali. Kichwa cha notisi kiwe swali la mwanafunzi. Ruangwa kuna kinywe, kwa hiyo mwalimu wa kemia aandike: kinywe na almasi vyote ni kaboni, mbona kimoja laini na kingine kigumu? Chini yake mistari mitano kwa maneno yake mwenyewe: kwenye kinywe atomi zimejipanga kwa matabaka yanayoteleza, kwenye almasi kila atomi imeshikamana na nyingine nne pande zote. Imeisha hiyo. Folda tatu zinatosha kabisa: ninayosoma, nitakayofundisha, yaliyopita. Mengine kiachie kisanduku cha kutafuta. Ukiandika kwa maneno yako utakumbuka neno la kutafuta. Picha ya desa lililofifia utaitafuta kwa neno gani?

La mwisho, msiweke maisha yenu yote kwenye ghala la mtu. Desemba 2023 Evernote waliwabana watumiaji wa bure: notisi 50 na daftari moja, basi. Na hata programu ikiwa na huruma, bando halina. Kila mwisho wa wiki toa nakala, weka kwenye flashi, na yale ya kufundishia yaandike kwenye daftari la karatasi. Daftari haliishiwi chaji.

Mtu asiseme napinga teknolojia. Napinga uvivu uliovaa suti. Mzazi wa Nachingwea anayeuza korosho apate ada ya mtoto hakulipia rangi za folda zetu, analipia mwalimu mwenye jibu.

Nawasilisha. Anayepinga anitafute kantini, ila aje na swali moja na jibu lake, sio kunionyesha folda.