Ubaridi Hauanzii Kwenye Kitufe

Kila mtumishi wa umma anaifahamu picha hii, ingawa hatupendi kuizungumzia. Ni saa nane mchana, mwezi wa Januari, mjini Morogoro. Nje ya ukumbi wa mikutano yamepangwa magari ya serikali, injini zinanguruma, vioo vimepandishwa, madereva wamelaza viti. Ndani ya ukumbi wakubwa wanajadili nidhamu ya matumizi ya fedha za umma. Nje, dizeli iliyonunuliwa kwa fedha hizo hizo inaungua tangu asubuhi, ili mkutano ukimalizika mkubwa akute kiti kimepoa.

Nimeipita picha hiyo kwa miaka mingi bila kushangaa. Nilianza kushangaa nilipopata gari la umeme, gari dogo la mtumba kutoka Japani, nililolinunua kwa mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo. Tangu siku hiyo swali ninaloulizwa zaidi chuoni halihusu bei wala mwendo. Ni hili: "Mwalimu, kiyoyozi chake kinaliweza joto la Morogoro?" Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno. Leo nalijibu kwa maandishi, kwa kuwa nimetambua kwamba jibu lake si la kifundi peke yake; ni la kisiasa pia.

Jibu fupi ni kwamba kinaliweza, mradi mwenye gari ajue kuwa ubaridi hauanzii kwenye kitufe. Unaanzia kwenye kivuli, kwenye mkono wa fundi, na kwenye maji yanayozungusha mitambo ya umeme. Mambo hayo matatu hayauzwi pamoja na gari.

Tuanze na gari lenyewe. Katika gari la petroli au dizeli, kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na injini kwa mkanda. Injini ikizimwa, ubaridi nao hukoma. Ndiyo maana magari yale ya ukumbini hayazimwi. Katika gari la umeme kompresa ina mota yake, nayo hula moja kwa moja kutoka kwenye betri kubwa. Gari linaweza kusimama kimya, bila moshi, na bado likapoa. Lakini kila chembe ya ubaridi imekatwa kwenye safari, kwa sababu betri ni ile ile moja.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Kiyoyozi hakili kwa kilometa. Hula kwa saa. Tuseme gari likishapoa, kiyoyozi kinatumia kilowati moja. Kwenye barabara ya Mikese, kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gari dogo litatumia takriban uniti 12 kwa saa kujiendesha, na uniti moja ya kiyoyozi haitaonekana. Lakini katika foleni, kwa mwendo wa kilometa 10 kwa saa, gari hilo hilo litatumia uniti moja na nusu au mbili kujisogeza. Hapo kiyoyozi kimechukua theluthi nzima au zaidi ya matumizi yote. Anayelalamika kuwa gari la umeme "linamaliza chaji kwa sababu ya kiyoyozi" mara nyingi analalamikia foleni bila kujua.

Kazi nzito ya kiyoyozi ni dakika kumi za mwanzo, si safari yenyewe. Gari lililoachwa juani limegeuka tanuri: viti, usukani na dashibodi vimehifadhi joto la saa nne. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuliegesha kivulini, na pasipo na kivuli kuweka kinga ya jua kwenye kioo cha mbele. La pili ni kufungua milango yote kwa dakika moja kabla ya kuondoka, ili hewa ya moto itoke bure badala ya kuilipia kompresa iitoe. La tatu, ambalo gari la mafuta haliliwezi kirahisi, ni kuwasha kiyoyozi wakati gari bado limechomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Ubaridi wa kwanza utatoka LUKU, na betri itabaki kwa ajili ya barabara.

Gari likishapoa, zungusha hewa ya ndani badala ya kuvuta ya nje. Kiyoyozi kinapoza hewa na pia kinaikamua maji. Yale matone yanayodondoka chini ya gari ni mvuke uliogeuzwa maji, na kuugeuza kunakula nguvu. Kwenye unyevu wa Dar es Salaam kazi hiyo ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Ila mkiwa wengi ndani, fungua hewa ya nje mara kwa mara. Hewa iliyopumuliwa na watu watano kwa saa nzima humtia dereva usingizi. Wala usiweke nyuzi 18 ukitarajia miujiza. Kompresa haitapoza haraka kuliko uwezo wake. Utakuwa umeinyima tu nafasi ya kupumzika.

Mwisho, ikumbuke betri. Katika magari mengi mapya, gesi ile ile inayompoza abiria ndiyo inayoipoza betri pia. Betri ikipata moto, kwa kupanda mlima au kwa kuchajiwa haraka, gari litaitanguliza betri na abiria atahisi ubaridi umelegea. Kiyoyozi hakijaharibika, kimegawana riziki. Yapo pia magari ya umeme ya zamani, Nissan Leaf likiwa mojawapo, ambayo betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji wala gesi, bali hutegemea hewa tu. Joto likiingia humo hukaa kwa saa nyingi na kuizeesha betri kabla ya wakati. Kwa hali yetu, dawa ni kuchaji usiku, upepo wa mlimani ukishateremka, na si saa saba mchana kwenye sakafu ya zege.

Hayo yote mtu anaweza kuyafanya mwenyewe. Sasa nije kwenye lile ambalo hakuna mtu anayeliweza peke yake.

Mwezi wa Novemba kiyoyozi changu kilianza kutoa hewa vuguvugu. Nililipeleka gari kwenye gereji moja ambayo kwa magari ya kawaida nimeiamini miaka yote. Fundi aligusa bomba kwa kiganja, akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, gesi imepungua, naongeza kidogo tu." Aliongeza gesi kwa kukisia, na pamoja nayo mafuta ya kompresa aliyokuwa nayo dukani. Siku tatu baadaye gari lilikataa kabisa kuwaka.

Sababu yake inafundisha. Kompresa ya gari la umeme ina mota ya volti mia kadhaa, na mafuta yake huizunguka mota hiyo. Mafuta hayo lazima yawe ya aina isiyopitisha umeme. Mafuta ya kawaida ya kompresa ya mkanda hayana sifa hiyo. Yakiingia, umeme huanza kuvuja kidogo kidogo, na gari, kwa kulinda uhai wa waliomo, hujifunga. Nililipia kompresa nzima. Halafu ilionekana kwamba tangu mwanzo gesi haikuwa imepungua kiasi cha kutisha: kondensa, ile inayokaa mbele kama rejeta, ilikuwa imezibwa na vumbi na wadudu. Maji ya taratibu na brashi laini vingetosha.

Simlaumu fundi yule. Alifanya alichofundishwa na mwalimu wake, ambaye naye alifundishwa kwenye gari la mkanda. Nyaya za rangi ya chungwa alizozisogeza kwa mkono mtupu zingeweza kumuua, na hakuna aliyewahi kumwambia. Tunaingiza chombo kipya nchini, tunakisifu, kisha tunamwachia kijana wa gereji ajifunze kwa kukiharibu au kwa kufa. Kisha tutasema, kama ilivyo kawaida yetu, kwamba teknolojia hii "haifai kwa mazingira ya Afrika".

Milima iliyo juu ya mji wetu inaijua hadithi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, na kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Kwenye karatasi wazo la kuzuia mmomonyoko lilikuwa na mantiki. Kwenye jembe lilikuwa jambo jingine: udongo wenye rutuba ulifukiwa, ule mfu ukapandishwa juu, na kazi ya kulazimishwa ikaongezwa juu ya kazi ya kawaida. Mwaka 1955 wananchi walikataa, ghasia zikazuka, na mpango ukafa. Wataalamu waliandika kuwa wakulima ni wagumu wa kubadilika. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekaa na mwenye jembe kabla ya kumpa amri. Leo mwenye jembe ni fundi wa gereji.

Ninapendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, taasisi ya umma isinunue gari la umeme hata moja kabla ya mkataba kutaja ni mafundi wangapi watafunzwa, wapi, na kwa vifaa gani. Tuna VETA; chuo cha Kihonda kiko hapa hapa Morogoro. Mzani wa kupimia gesi, glavu za kuhimili umeme mkubwa na mafuta sahihi si vitu vya anasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami ukuta wangu nimeshaulipia.

La pili, kila ofisi ya umma iwe na maegesho yenye kivuli, cha miti au cha paa lenye sola, na kila ofisi iwe na chumba cha madereva. Dereva wa gari la serikali halali garini kwa kupenda. Analala humo kwa sababu hatujamjengea pa kukaa. Mpe kiti, maji na feni, kisha toa waraka wa kupiga marufuku injini kunguruma bila safari. Hatua hiyo haihitaji gari jipya, na faida yake ingeonekana mwezi huo huo.

La tatu ni maji. Sehemu kubwa ya umeme tunaojivunia hutoka mtoni: Kidatu megawati 204, Kihansi 180, na sasa Bwawa la Julius Nyerere megawati 2,115. Mwishoni mwa mwaka 2023 tulikumbushwa na mgawo wa umeme kwamba swichi bila nishati ya kutosha nyuma yake ni pambo la ukutani. Na mito haianzii bwawani. Uluguru haiendeshi mabwawa hayo, lakini ndiyo inayoulisha mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam, na misitu yake ndiyo inayoteremsha hewa ya baridi inayoniwezesha kuchaji betri usiku. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, takriban hekta 24,000, ni kiyoyozi kikubwa kuliko vyote tulivyo navyo. Kila gunia la mkaa linaloteremshwa kutoka kwenye miteremko hii ni gesi inayovuja kwenye kiyoyozi hicho, na huko hakuna fundi wa kuijaza.

Najua wapo watakaoniambia kuwa kujadili kiyoyozi cha gari ni kujadili starehe, wakati walio wengi hupanda bajaji na daladala. Wana haki ya kusema hivyo, na ndiyo maana sitaki mjadala huu uishie kwenye gari langu. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar es Salaam kwa chini ya saa mbili, na mamia ya watu, mkulima na mkurugenzi, hugawana ubaridi wa behewa moja. Nikitaka kwenda Dar sigusi gari langu. Ubaridi wa bei nafuu ni ule unaogawanwa. Ikiwa serikali ina shilingi moja tu ya kutumia, iitie kwenye treni na basi la umeme kabla ya kuitia kwenye gari la mtu mmoja, nikiwemo mimi.

Lakini basi la umeme nalo lina kompresa yenye mota, nyaya za rangi ya chungwa, na betri isiyopenda jua la saa saba. Nalo litaegeshwa mahali fulani, litashikwa na mkono wa fundi fulani. Tusipomwandaa fundi huyo leo, litakuja siku moja kuegeshwa nyuma ya ofisi likiwa bovu, majani yakiota kwenye magurudumu. Na mbele ya ofisi hiyo hiyo, mchana wa Januari, magari yale yale yataendelea kunguruma yakimsubiri mkubwa atoke mkutanoni.