UZI: Usiku bwenini yuko nani?

1. Mi ni nesi, naishi Kilakala, hapa Morogoro chini ya Uluguru. Leo sio presha wala lishe kama mlivyonizoea. Leo ni shule. Usiniulize nesi anajua nini kuhusu shule. Soma mpaka mwisho, halafu uje unitukane vizuri.

2. Kuna usiku nilikuwa zamu. Saa sita na robo analetwa binti wa kidato cha pili, pumu imembana, anavuta pumzi kwa mabega, midomo imeanza kubadilika rangi. Wamekuja mshikaki kwenye bodaboda, binti katikati, nyuma mwalimu wa kike kamshikilia. Shule ya serikali, ya bweni. Jina siitaji, na wanaoanza kukisia waache: sio ya hapa mtaani kwetu. Tukampa oksijeni na nebulaiza. Kufika alfajiri akawa anaongea.

3. Nikamuuliza yule mwalimu, madam, mbona mmechelewa hivi? Akasema, "Sista, wenzake wanasema alianza saa tatu. Mimi wamekuja kunigongea saa tano na nusu." Matroni alikuwa wapi? Akacheka kwa uchovu. "Matroni ndiyo mimi. Na fizikia ndiyo mimi, kidato cha kwanza mpaka cha nne." Nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja. Bwenini hakuna mtu mzima anayelala karibu. Saa mbili asubuhi alikuwa bado kwenye benchi letu, na shuleni kwao siku ile fizikia haikufundishwa.

4. Sasa tuelewane. Tukiongelea upungufu shuleni tunahesabu walimu tu. Tunagawanya wanafunzi kwa walimu, tunapata namba, tunagombana juu ya namba. Lakini yule anayelea bweni, anayepima mahindi na maharage stoo, anayeandaa kemikali maabara kwa sababu fundi wa maabara hayupo, kwenye karatasi anahesabika mwalimu mzima. Darasani anafika nusu. Kwa hiyo unapokosa matroni, mpishi, mlinzi na mtu wa stoo, umekosa pia mwalimu, ila hesabu haikuonyeshi.

5. Fikiria wodi yangu. Jioni manesi wote tunaenda nyumbani, tunamwachia mgonjwa mwenye nafuu awaangalie wenzake. Ungekubali? Mabweni mengi usiku ndivyo yanavyoendeshwa: kiranja ndiye mtu mzima, na ana miaka 16. Sisi tuko wachache, Mungu anajua, lakini jina la aliye zamu limeandikwa, na haondoki mpaka amkabidhi mwenzake wagonjwa wake.

6. Unadhani nakuza mambo? Shauritanga, Rombo, Juni 1994: wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Idodi, Iringa, Agosti 2009: wasichana 12. Sisemi matroni peke yake angezuia moto. Nasema usiku wa moto, kama usiku wa pumu, zile dakika za mwanzo ndizo zinazoamua, na dakika hizo zinahitaji mtu mzima aliye jirani na mwenye funguo mkononi.

7. Mtaniambia serikali inaajiri. Kweli, na hongera. Mwaka 2022 zilitangazwa nafasi 17,412: walimu 9,800, afya 7,612. Mwaka 2023 zikatangazwa 21,200: walimu 13,130, afya 8,070. Mimi wa afya nimefurahi kama wengine. Lakini soma tena hizo kada. Mpishi yuko wapi? Mlinzi je? Matroni? Hao shule "itajua yenyewe".

8. Itajuaje? Ada ya sekondari, 20,000 kutwa na 70,000 bweni, ilifutwa elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni. Siwezi kubeza hilo, kuna watoto wengi waliokuwa wanarudishwa nyumbani. Ila kwenye shule nyingi ile michango ndiyo ilikuwa inamlipa mpishi na mlinzi. Ulipoondoa mchango, mshahara wao ulitakiwa utoke mahali pengine. Halafu uhakiki wa 2017 ukawagusa na watumishi wa darasa la saba. Mwaka uliofuata serikali ikasema walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warudi kazini. Lakini miezi ile sufuria jikoni lilikuwa la nani? Geti la nani? La mwalimu wa zamu.

9. Kuna watakaosema ualimu ni wito. Jamani, hilo neno manesi tumelishwa mpaka tumevimbiwa. Wito haumfanyi mtu awe sehemu mbili kwa wakati mmoja. Nimewahi kuwa peke yangu wodini, huku namwekea mtu dripu, kule mwingine ananiita na sifiki. Hakuna wito ulionifikisha. Angenifikisha mwenzangu wa pili.

10. Ninachotaka ni vitu vitatu, na havihitaji semina. Kwanza, kila shule ya bweni ibandike ikama yake ubaoni: nafasi zinazotakiwa, waliopo, wanaokosekana, walimu na wasio walimu. Pili, matroni na patroni waajiriwe kwa kazi hiyo, wafundishwe huduma ya kwanza, asibebeshwe mwalimu juu ya vipindi vyake. Tatu ni yetu wazazi. Kwenye kikao cha shule tunauliza division one zilikuwa ngapi, tunapiga makofi, tunaenda kula wali. Kabla ya hapo uliza: usiku bwenini yuko nani? Upewe jina na namba ya simu. Ukijibiwa "viranja wapo", usikae chini.

11. Yule binti alirudi kliniki wiki mbili baadaye, anapumua vizuri, kamshika mkono mwalimu yuleyule. Ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi. Nikamuuliza, madam, leo fizikia anafundisha nani? Akaniangalia tu.

Mwenye mtoto bweni, mtumie huu uzi.