Manowari mbili zilizopita Lubumbashi

Lubumbashi iko mbali sana na bahari. Hata hivyo, mwishoni mwa Julai 1915, wakati mji ukiitwa bado Elisabethville, iliingia treni kutoka Cape Town ikiwa imebeba manowari mbili za Uingereza. Zilikuwa boti za mbao zenye urefu wa mita 12, kila moja ikiwa na mzinga mdogo mbele na bunduki ya rashasha nyuma. Kamanda wa boti hizo, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. London ikakataa, naye akaziita Mimi na Toutou.

Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, na boti hizo zilitumwa kupigania Ziwa Tanganyika. Agosti 1914 Wajerumani walikuwa wameiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, huko Lukuga, Kalemie ya leo, wakalitawala ziwa. Mwindaji John Lee ndiye aliyewashawishi Waingereza kwamba boti zingeweza kufika kwa kupitia Katanga.

Reli iliishia Fungurume. Kutoka hapo hadi Sankisia palikuwa na kilomita zipatazo 235 za pori na milima ya Mitumba, bila barabara. Wafanyakazi Wakongo walikata miti, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja, wakasaidiana na maksai na matrekta mawili ya mvuke kuvuta boti mlimani. Matrekta hayo yalikunywa maji kama walevi, na kiangazi mito ilikuwa imekauka. Wanawake wa vijijini wakabeba maji kichwani ili injini zisizime. Safari ikaendelea kwa reli hadi Bukama, kwa mto Lualaba hadi Kabalo, kisha kwa reli tena hadi ziwani. Boti zilifika mwezi wa Oktoba.

Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi. Tarehe 26 Desemba boti hizo ziliiteka Kingani, ikapewa jina la Fifi. Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazama. Meli kubwa ya Wajerumani, Götzen, Spicer-Simson hakuthubutu kuikabili. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, ikaopolewa baadaye na kuwa MV Liemba ya Kigoma.

Spicer-Simson akapewa nishani, na vituko vyake, pamoja na sketi aliyopenda kuvaa, vimejaza vitabu. Riwaya ya C. S. Forester ya 1935, The African Queen, iliyochota kutoka vita hivyo, haikuifanya njia ya Katanga kuwa kiini cha hadithi. Huo ni wizi wa sifa. Ushindi ulipatikana kati ya Fungurume na Sankisia, kabla risasi haijalia.

Katanga iligawanywa mwaka 2015, miaka 100 kamili baadaye, na njia ile inapita mikoa yote minne mipya: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Basi mikoa hiyo na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi wakusanye habari hizi na kuzipeleka mashuleni. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu babu au bibi aliwahi kusimulia habari za matrekta ya Fungurume, ziandike.